Ng'wa Nani

Bariadi
2 Juni 2024

Mdogo wangu Ngeleja,

Natumaini hamjambo nyote, ng'ombe hawajambo, na lile jino lako limetulia. Mimi ni mzima. Barua hii nampa Fredrick, kondakta wa basi la Meatu, akuachie dukani kwa Mwandu. Usishangae nimeandika badala ya kupiga. Simu yako ulishaizamisha kwenye birika la ng'ombe, na ya baba unaijua mwenyewe: kila anayepiga anawekwa spika mpaka jirani anaitikia salamu. Ukituma meseji anasomewa na wajukuu, tena kwa sauti. Ninayotaka kukwambia leo si ya spika.

Ofisini wameamua kwenda kupiga kambi kwenye makorongo. Makorongo yetu, Ngeleja, ya Mwabujeje, tulikokuwa tukichunga. Bosi wetu, Imrani, ameona picha zilizopigwa jioni, ule udongo mwekundu na zile kuta zilizochongoka, na tangu siku hiyo hana habari nyingine. Anasema pale watalii watakuja kulala kwenye mahema, ila kwanza tulale sisi tuone kukoje. Kazi ya kupanga safari nimepewa mimi, kwa sababu kuna siku nilijisahau nikasema maeneo yale nayafahamu.

Sasa nisikilize vizuri. Hapa mimi ni Specioza Constantine. Si uongo. Ndilo jina baba mdogo Constantine aliloniandikishia shule nilipokuja kukaa kwake, na vyeti vyote vinasema hivyo. Hakuna aliyewahi kuniuliza zaidi. Lakini tangu baba ang'oe mawe ya mpaka wa hifadhi ya ofisi yetu, ofisi nzima inamwita Mzee Ng'oa, ingawa hakuna anayemjua kwa sura. Kalamu ikipotea, kaichukua Mzee Ng'oa. Kiti kikilegea mguu, Mzee Ng'oa amepita. Wanacheka, na mimi nacheka nao. Na mwezi wa nane wanataka kunipa kazi ya kusimamia hifadhi hiyo hiyo. Wakijua mimi ni mtoto wa nani, unadhani wataniachia?

Nitafutie mahali pazuri pa kuweka mahema, uniambie habari za maji na kuni. Na Jumamosi ya tarehe 29, baba asiwe karibu. Mpeleke mnadani, au mtafutie safari yoyote. Naona aibu kuandika hivi kuliko unavyodhani, lakini nimeshaandika.

Dada yako,
Nyanjige


Kimali
8 Juni 2024

Dada Nyanjige,

Barua nimeipata, ina mafuta ya maandazi ya Fredrick lakini inasomeka. Jino limeng'olewa, na safari hii si baba aliyeling'oa.

Mahali pa kambi ni palepale juu ya korongo kubwa, kwenye uwanda ambapo ulimpoteza yule mbuzi ukalia mpaka ukatapika. Chini msishuke na mahema, kuta zinamomonyoka hata kiangazi. Ila pale juu ardhi ni ibambasi tupu, ngumu kama sakafu ya benki. Vigingi vya hema havitaingia hata mkipiga kwa nyundo. Njooni na kamba ndefu, mtazifunga kwenye mawe. Mawe yapo, yamelundikwa hapohapo, yana rangi nyeupe upande mmoja. Aliyeyalundika unamjua.

Maji ya kunywa mje nayo. Ya kisimani yana chumvi, ng'ombe wanayapenda, tumbo la mtu wa mjini litayakataa. Kuni nitakata mimi. Usiku kuna upepo na fisi wanalia sana, waambie wenzako kwamba fisi hali hema.

Hilo lingine limenikaa vibaya. Baba tayari anajua. Fredrick alisema pale dukani kwamba watu wa ofisini kwa Nyanjige wanakuja, na baba alikuwa anapima chumvi ya mifugo. Amerudi nyumbani kama kijana. Amechagua dume la kuchinja, lile jekundu lenye baka jeupe usoni, analilisha pumba mwenyewe. Kila asubuhi ananiuliza ni lini. Nimemwambia mwisho wa mwezi wa saba. Alinitazama, akasema sawa, dume litakuwa limenona zaidi. Nilikwenda nyuma ya zizi nikakaa huko mpaka mke wangu akanitafuta.

Nitafanya ulivyosema. Lakini usiniambie tena kwamba si uongo.

Ngeleja


Bariadi
17 Juni 2024

Bw. Imrani Saidi,
Mratibu.

YAH: SAFARI YA KUPIGA KAMBI MAKORONGO YA MWABUJEJE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Tutaondoka Bariadi Jumamosi tarehe 29 alfajiri na kurudi Jumatatu. Kwa kuwa ardhi ya pale ni ngumu, vigingi havitumiki. Naomba zinunuliwe kamba za kutosha. Maji ya kunywa tutabeba. Muzdalifa amekubali kushughulikia chakula na ameomba ifahamike kwamba hatapika ugali kwenye upepo.

Mwenyeji wetu atakuwa kijana mmoja wa hapo, anaitwa Ngeleja. Ni mwaminifu. Sina shaka tutakuwa na utulivu wakati wote tutakapokuwa huko.

Ahsante.

Specioza Constantine
Afisa Miradi


Bariadi
20 Juni 2024

Ngeleja,

Kamba zimenunuliwa. Tutakuwa gari moja, mimi, Imrani, Muzdalifa ambaye nakaa naye meza moja, na dereva wetu Marcelo. Muzdalifa ni rafiki yangu wa kweli, utampenda, ila ana maswali mengi. Akikuuliza kama unanifahamu, sema umeniona kwenye mikutano ya kijiji. Usiniite Nyanjige. Niite dada Specioza, au usiniite kabisa.

Habari ya dume nimeisoma mara nyingi. Nilimwambia Muzdalifa kwamba macho yananiwasha kwa vumbi la mafaili. Nitakuja nyumbani mwezi wa tisa, peke yangu, nitamweleza baba yote, na dume tutalila sisi. Kazi nikiipata nitaweza hata kusogeza mpaka ule, fikiria hilo. Nitakuwa nimemsaidia kuliko nikijitangaza sasa na kufukuzwa.

Siku hiyo utampeleka wapi? Hukuniambia.

Nyanjige


Bariadi
2 Julai 2024

Ngeleja, mdogo wangu,

Tumefika salama. Imrani hazungumzi kingine ila makorongo. Amechora hata ramani ya mahali pa choo. Wote wamekusifu, kuni zako, na jinsi ulivyozifunga zile kamba. Muzdalifa anasema kijana yule ana heshima ya peke yake. Niliposikia hivyo nilijifanya natafuta kitu chini ya meza.

Kwa nini hukuniambia kwamba baba hakwenda mnadani? Nilipoona ile baiskeli inakuja kwenye uwanda, na lile shati lake jeupe la Krismasi, na kibuyu cha maziwa kimefungwa nyuma, niliokota sufuria nikasimama nayo. Nilitaka kuingia ndani ya hema, lakini Imrani alikuwa ameshasimama kumpokea.

Namshukuru Mungu yaliisha vizuri. Alitusalimia, tukanywa maziwa yake, akaondoka. Wenzangu hawajui hata kidogo kwamba huyo ndiye. Imrani anamkumbuka kama yule mzee mchangamfu wa maziwa. Lakini nimeondoka na jambo moja linaloniumiza: baba hakunitambua. Alinitazama usoni, karibu kabisa, na hakunitambua. Kumbe macho yake yamefika huko, na mimi mtoto wake sikuwa na habari. Nimeulizia hapa, kuna daktari wa macho anakuja kila mwezi. Mlete, nitagharamia kila kitu. Usimwambie kwa nini nimejua.

Dada yako


Kimali
9 Julai 2024

Dada,

Macho ya baba ni mazima. Juzi ametambua ndama wetu katikati ya kundi la Mwandu, sisi tukiwa upande huu wa korongo na kundi upande ule. Weka daktari wako pembeni, nikueleze mambo yalivyokuwa, maana naona umeamua kuyaona nusu.

Ile Jumamosi nilimwambia baba kwamba nakwenda kukata kuni za kuuza. Hakuniuliza kitu. Kumbe alishajua siku, Fredrick hawezi kukaa na neno. Mchana akaoga, akavaa, akafunga kibuyu. Mama akamwuliza anakwenda wapi, akasema nakwenda kumpokea mtoto, wamekuja mapema, pengine walikosa muda wa kutuma taarifa. Hivyo ndivyo alivyokutetea kabla hata hujakosa.

Mimi nilikuwa naokota yale mawe kufungia kamba ya hema lako. Nilimwona akiegesha baiskeli, nikamwona anakuona. Wewe ulikuwa umesimama na sufuria. Alicheka kabisa, Nyanjige, meno yote nje. Ukageuza uso. Ukamwambia Muzdalifa, na sauti yako ilifika, "Sijui ni nani, labda wa kijiji." Hapo ndipo kicheko chake kilipokatika. Akatengeneza kola ya shati, akawasogelea kama mtu anayewasogelea wageni.

Ulikuwepo, lakini nakuandikia hata hivyo. Alianza na bosi wako. "Mwadila." Nikamfundisha Imrani kuitikia, "Mwadila." Akamwuliza kama wazee wetu wanavyomwuliza kila anayesalimiana nao, "Ng'wa nani?" Nikawaeleza wageni kwamba anauliza wewe ni mtoto wa nani, maana kwetu salamu haijaisha mpaka mtu amtaje baba yake. Imrani akafurahi, akasema mimi wa Saidi. Baba akasema wabeja, yaani asante, nimemsalimia Saidi. Muzdalifa akasema mimi wa Mudathiri, na akasema jina la babu yake pia bila kuombwa. Marcelo akamtaja baba yake marehemu na baba akavua kofia.

Halafu akafika kwako. Wenzako walisalimia wamesimama kwa sababu hawajui kwamba kwetu mtoto humsalimia mzee kwa kupiga magoti. Wewe unajua, na wewe pia ulisimama. "Mwadila." Ukaitikia kwa Kiswahili, shikamoo mzee. Akauliza, "Ng'wa nani?" Alikupa nafasi, dada. Aliuliza taratibu sana. Ukasema, "Wa Constantine."

Akasema, "Constantine namfahamu. Ni mtu mwema. Nisalimie." Kisha akakumiminia maziwa, wewe wa mwisho, kikombe kikajaa mpaka kikamwagika kwenye mkono wako. Hukuufuta.

Njiani nilisukuma baiskeli yake. Tukafika karibu na zizi. Akasema, "Wageni ni watu wazuri. Nyanjige hakuwemo, labda atakuja na gari jingine." Mama alipouliza, akamwambia maneno hayohayo. Mpaka leo ndivyo anavyosema. Dume anaendelea kulilisha.

Mimi nimekuwa mwongo pamoja na wewe na siwezi kumtazama. Nikila naye nakula nimeinama. Sitaki kuandika tena barua za kuficha.

Ngeleja


Bariadi
14 Julai 2024

Baba,

Mwangaluka, baba. Ngeleja akusomee barua hii, na kama unataka asome kwa sauti hata majirani wasikie, asome.

Nilianza kuipiga simu yako nikakata kabla haijaita. Sauti yangu nisingeiweza. Tangu niliposoma barua ya Ngeleja sijala vizuri. Baba mdogo Constantine ameniuliza nina nini, nikamwambia baba anakusalimia. Akafurahi, akauliza ulimwona wapi. Nimelisema jina lake kwa watu mahali pa jina lako, na salamu yako kwake nimeileta kama mtu aliyeiokota njiani.

Naona aibu, baba. Kule juu niliona aibu kwamba wewe ni baba yangu, na sasa naona aibu kwamba mimi ni mtoto wako. Nikiuangalia mkono wangu nayakumbuka yale maziwa. Ulinitambua ukanificha mbele ya watu wangu, ukanificha mbele ya mama pia. Ungenitukana ningejua pa kujishika.

Uliniuliza ng'wa nani. Nakujibu sasa, na nimepiga magoti hapa chumbani ninapoandika. Ng'wa Bujiku. Mimi ni mtoto wa Bujiku wa Kimali. Naomba unisamehe, unijibu hata neno moja.

Mtoto wako,
Nyanjige


Kimali
21 Julai 2024

Nyanjige,

Anayeandika ni Ngeleja, maneno ni ya baba. Ameniambia nisiongeze wala nisipunguze, kwa hiyo nikikosea koma ni yangu.

"Barua yako imesomwa. Imesomwa mara moja, nikatosheka. Mama yako amelia, nimemwambia anyamaze, mtoto hajafa.

"Nimefurahi kwamba Constantine ni mzima.

"Salamu yako sikuipokea. Mimi nilikuuliza mbele ya watu, wewe umenijibu ndani ya bahasha. Salamu haifungwi kwenye bahasha. Kama mtu amepigiwa goti chumbani Bariadi, huku Kimali sisi hatukuliona.

"Mawe niliyang'oa mimi, kweli. Walipanga mpaka ukapita kati ya zizi langu na kisima. Nilikwenda ofisini kwao kuwaambia, nikakaa kwenye benchi mpaka jioni, hakuna aliyeniita. Nikarudi nikayang'oa. Ningejua u humo ndani ningekuita.

"Dume bado linakula. Halijui lolote, lenyewe linaona ni bahati.

"Bujiku."

Mwisho wa maneno yake. Mimi mwenyewe nasema hivi: sasa ananiuliza tena kila asubuhi, ni lini. Sijui anauliza nini hasa.

Ngeleja


Bariadi
26 Julai 2024

Bw. Imrani Saidi,
Mratibu.
Nakala: Muzdalifa Mudathiri, Marcelo.

YAH: SAFARI YA PILI YA KUPIGA KAMBI MAKORONGO YA MWABUJEJE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nimeandika barua hii mara kadhaa kwa lugha ya ofisi na haikubali, kwa hiyo nisameheni.

Naomba twende tena Jumamosi ijayo, watu walewale, gari lile lile. Mahema yatakaa mahali palepale na kamba tutazifunga kwenye yale mawe yenye rangi nyeupe. Ni mawe yetu ya mpaka. Tulilala juu ya mpaka wetu wenyewe uliong'olewa, na mimi peke yangu ndiye niliyejua.

Mwenyeji wetu hatakuwa kijana mmoja wa hapo. Atakuwa Mzee Bujiku, yule mzee wa baiskeli aliyetuletea maziwa. Ndiye huyo huyo tunayemwita Mzee Ng'oa. Ni baba yangu mzazi. Ngeleja aliyetukatia kuni ni mdogo wangu, tumbo moja. Constantine ni baba yangu mdogo aliyenisomesha, na nimejificha nyuma ya jina lake mbele yenu nyote. Kila mlipocheka, nilicheka, na mara nyingine nilianza mimi. Ile habari ya kiti kilicholegea mguu niliitunga mimi.

Aliwahi kuja hapa ofisini kueleza kwamba mpaka umemkata na kisima chake. Alikaa kwenye lile benchi la mapokezi mpaka jioni. Siku ile niliambiwa kuna mzee nje, nikachungulia dirishani, nikatokea mlango wa nyuma. Hilo hata yeye halijui. Nitamweleza nikifika.

Kuhusu kazi ya kusimamia hifadhi, mtaamua mnavyoona. Sitaiomba na sitaikataa.

Muzdalifa, safari hii hutapika. Kuna dume limenona linatusubiri tangu mwezi wa sita. Njoo tu na maswali yako, utajibiwa yote.

Ombi langu ni moja. Tukishuka kwenye gari mzee atakuja kutusalimia, na atawauliza kila mmoja ng'wa nani. Mlishajibu, na majibu yenu anayo. Naomba mnisubiri nyuma yangu, nitangulie mimi, nipige magoti pale kwenye ibambasi, na mnyamaze mpaka nimjibu.

Nyanjige Bujiku